Timu iliyotwaa ubingwa wakubwa wakiwa vitani

Kuna ushindi ambao mtoto huuleta nyumbani ukiwa na doa. Amekuwa wa kwanza darasani, lakini yule anayeongoza siku zote alikuwa mgonjwa. Amepata namba kwenye timu ya shule kwa sababu mwenye namba amehama. Kabla hajamaliza kusimulia, kaka yake ameshadakia: "Umebahatisha tu." Mzazi akisema si bahati, mtoto anajua anadanganywa. Akisema ni bahati, amemnyang'anya furaha yake.

Jambo hilo liliwahi kuikuta timu nzima ya watu wazima, nchi nzima ikiangalia. Ni timu ya besiboli ya St. Louis Browns, kutoka mji wa St. Louis nchini Marekani. Mwaka ulikuwa 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto.

Kwa asiyeujua mchezo huo, mchezaji mmoja hurusha mpira mdogo mgumu kwa kasi, na mpinzani wake humsubiri akiwa na fimbo nene ya mbao. Akiupiga vizuri, hukimbia kupita vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, na kila anayekamilisha mzunguko huipa timu yake pointi moja. Akiupiga ukavuka uzio, huzunguka bila wa kumzuia, na wenzake waliokuwa wamesimama vituoni nao huingia.

Browns walikuwa timu ya kuchekwa. Walianza kucheza St. Louis mwaka 1902, na hadi 1943 hawakuwa wametwaa ubingwa wa ligi yao, American League, hata mara moja. Mwaka 1922 waliukosa kwa tofauti ya mechi moja. Mwaka 1935 watazamaji wa mechi zao zote za nyumbani hawakufika 81,000 kwa msimu mzima. Kibaya zaidi, walitumia uwanja mmoja na majirani zao wa St. Louis Cardinals, timu ya ligi nyingine iliyozoea makombe.

Mwishoni mwa 1941 mwenye timu alikuwa amepanga kuihamishia Los Angeles. Kikao cha kuamua kiliwekwa Desemba 8. Desemba 7 Japani ikashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na safari hiyo ikafia hapohapo. Browns wakabaki St. Louis.

Wengi walidhani besiboli yenyewe ingesimamishwa. Januari 1942 Rais Franklin Roosevelt aliwaandikia viongozi wa mchezo kwamba ni heri uendelee, kwa kuwa watu wangefanya kazi saa nyingi zaidi na wangehitaji kupumzisha akili. Lakini aliweka wazi kwamba mchezaji mwenye umri wa kwenda jeshini aende kama vijana wengine.

Wakaenda. Bob Feller, mrushaji hatari wa Cleveland, alijiunga na jeshi la majini siku chache tu baada ya shambulio. Ted Williams wa Boston akawa rubani. Joe DiMaggio wa New York Yankees akavaa sare mwaka 1943. Hadi vita inakwisha, wachezaji zaidi ya 500 wa ligi kuu walikuwa wamepita jeshini.

Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Timu zikaanza kuokota waliopatikana. Juni 1944 Cincinnati ilimwingiza uwanjani Joe Nuxhall, mwanafunzi wa miaka 15, kurusha mpira dhidi ya Cardinals. Hawakumhurumia. Alitolewa baada ya kuwapa pointi tano. Ilimchukua hadi 1952 kurudi ligi kuu, safari hii akiwa mtu mzima, na akadumu miaka mingi. Mzazi mwenye haraka na kipaji cha mwanawe ana la kutafakari hapo.

Browns nao walikuwa na kikosi chao cha kuokoteza. Wachezaji zaidi ya kumi walikuwa wamekataliwa na madaktari wa jeshi kwa sababu moja au nyingine. Mrushaji Sig Jakucki alikuwa hajaonekana ligi kuu tangu 1936. Denny Galehouse alifanya kazi siku sita kwa wiki katika kiwanda cha vita mjini Akron. Jumamosi usiku alipanda treni, Jumapili akarusha mpira, kisha akageuza kuwahi zamu. Katikati ya msimu aliacha kiwanda ili acheze kila siku, akijua kwamba sasa jina lake lingeweza kuitwa jeshini wakati wowote. Chet Laabs, mpigaji, naye aligawanya mwaka huo kati ya uwanja na kiwanda cha vita huko Detroit.

Baba anayeingia zamu ya usiku na mchana akafungua genge anawaelewa watu hawa bila kufafanuliwa. Mwili ni mmoja, kazi mbili, na kila upande unataka kilicho bora.

Msimu wa 1944 Browns walianza kwa kushinda mechi tisa mfululizo. Watu wakasema ni upepo tu, utapita. Haukupita. Ilipofika wikiendi ya mwisho, Browns na Detroit Tigers walikuwa wakikabana koo, na Browns walibakiza mechi nne, zote dhidi ya Yankees, mabingwa wa miaka mitatu mfululizo. Wakashinda tatu za kwanza. Oktoba 1, siku ya mwisho, walilingana na Detroit kwa kila kitu.

Siku hiyo uwanja uliozoea viti vitupu uliingiza watu zaidi ya 35,000. Aliyepewa mpira ni Jakucki, yule aliyekuwa amesahaulika. Yankees walitangulia kwa pointi mbili. Kisha Laabs, yule wa kiwandani, akaupiga mpira ukavuka uzio mwenzake akiwa kituoni, ikawa mbili kwa mbili. Zamu yake iliyofuata akaupiga tena ukavuka, tena mwenzake akiwa kituoni. Browns wakashinda 5 kwa 2. Detroit walipoteza siku hiyohiyo, na ubingwa uliosubiriwa tangu 1902 ukaja kwa tofauti ya mechi moja.

Fainali ikawakutanisha na walewale majirani, Cardinals. Mechi zote sita zilichezwa katika uwanja mmoja. Kwa sababu ya uhaba wa nyumba wakati wa vita, makocha wa timu hizo mbili, Luke Sewell wa Browns na Billy Southworth wa Cardinals, walikuwa wakipanga nyumba moja msimu mzima. Mmoja alipokuwa mjini, mwenzake alikuwa safarini na timu yake. Hakuna aliyetegemea kwamba wote wawili wangekuwa St. Louis mwezi Oktoba, na ilibidi mmoja ampishe mwenzake.

Galehouse alishinda mechi ya kwanza, lakini Cardinals wakatwaa kombe kwa mechi nne dhidi ya mbili. Southworth akashangilia. Mwanawe, Billy mdogo, aliyekuwa mchezaji pia, alikuwa rubani wa ndege za mabomu na alikuwa amerudi salama baada ya kuruka mara 25 juu ya Ulaya. Februari 1945, miezi minne baada ya kombe, ndege yake ilianguka majini karibu na New York. Mwili wake ulipatikana Agosti. Kombe lilikuwepo kabatini, mtoto hayupo. Wakubwa waliokosekana uwanjani hawakuwa wameenda mapumzikoni, na nyumba nyingi zilikuwa zikilipa gharama ya nafasi zile zilizoachwa wazi.

Mwaka uliofuata Browns walimsajili mtu ambaye jina lake limedumu kuliko la yeyote kati ya mabingwa wale. Pete Gray alizaliwa 1915 karibu na Nanticoke, Pennsylvania, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na miaka sita alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa mchuuzi, mkono wake wa kulia ukanasa kwenye gurudumu na ukakatwa juu ya kiwiko. Alikuwa akitumia mkono huohuo. Akaanza upya na wa kushoto, akipiga mawe kwa kijiti, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Vita ilipoanza alitaka kwenda jeshini, akakataliwa.

Kudaka ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Aliunasa mpira kwa glavu, akaibana glavu chini ya kile kipande cha mkono wa kulia, akauachia mpira uteleze kifuani hadi mkononi, kisha akarusha. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 1944, akiwa na timu ya ligi ya chini mjini Memphis, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Mwaka 1945 aliichezea Browns mechi 77. Hakung'ara kama Memphis. Warushaji waligundua kwamba akishaanza kuzungusha fimbo hana mkono wa pili wa kuizuia, wakawa wanamrushia mipira ya polepole. Wakimbiaji nao walitumia ile sekunde ya kuhamisha glavu kuiba kituo kimoja zaidi. Browns walimaliza wa tatu, na baadhi ya wenzake walimlaumu. Ila mara zaidi ya 230 alizosimama kupiga, warushaji bora waliobaki Marekani walimshinda kabisa, akaondoka bila kuugusa mpira, mara 11 tu.

Mkasa huu una upande mwingine ambao mzazi wa Kiafrika hawezi kuuruka. Timu hizi zilitafuta kila kona. Zilipata wazee, wagonjwa, mtoto wa shule na mtu wa mkono mmoja. Wakati huohuo walikuwepo wachezaji weusi wenye afya na vipaji vikubwa, kama Josh Gibson na Satchel Paige, wakicheza katika ligi zao wenyewe kwa sababu ligi kuu haikuwataka. Katika uwanja wa Browns, hadi 1944 mtazamaji mweusi hakuruhusiwa hata kukaa kiti anachokitaka. Vita nzima ilipita bila timu yoyote ya ligi kuu kumwingiza uwanjani mchezaji mweusi hata mmoja.

Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson, aliyewahi kuwa luteni jeshini, akawa mweusi wa kwanza wa zama hizo kucheza ligi kuu, akiwa na Brooklyn. Julai mwaka huohuo Browns nao waliwaingiza wawili, Hank Thompson na Willard Brown, wote wawili waliopitia jeshi wakati wa vita. Waliwaachia kabla ya msimu kwisha.

Kwa hiyo bahati ipo, na mtoto aambiwe ipo. Kuna milango inayofunguka kwa sababu aliyekuwa ndani ametoka, na kuna mingine inayobaki imefungwa mbele ya mtu anayestahili, kwa sababu mwenye funguo hamtaki. Gibson hakukosa bidii. Mtoto anayefundishwa kwamba kila aliyefika amefika kwa juhudi tu atakuja kumdharau kila aliyezuiwa, na siku akizuiwa yeye, atajidharau mwenyewe.

Lakini bahati haikupanda treni ya Jumamosi usiku kwenda kurusha mpira. Ni Galehouse aliyepanda. DiMaggio hakuwepo, ni kweli, na Oktoba 1 mpira bado ulikuja kwa kasi mbele ya Laabs, akaupiga. Mtoto aliyekuwa wa kwanza wakati mwenzake anaumwa alifanya mtihani uleule, kwa kalamu yake mwenyewe. Anaweza kupongezwa kwa hilo bila kudanganywa, na jioni hiyohiyo akatumwa kumjulia hali mgonjwa.

Wakubwa waliporudi 1946, kikosi cha kuokoteza kilitawanyika. Gray hakucheza tena ligi kuu. Browns hawakutwaa ubingwa mwingine, na mwaka 1954 timu ilihamia Baltimore na kubadilishwa jina. Gray alirudi Nanticoke, akaishi huko hadi 2002, alipofariki akiwa na miaka 87. Glavu yake imehifadhiwa katika makumbusho ya besiboli mjini Cooperstown.