Mama Yetu wa Afrika na Wafu wa Ziwa

Kila mwaka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, wakristu wa pande zetu huibeba sanamu ya Mama mabegani na kuandamana, rozari mkononi. Sisi tulio Zongwe twaipenda sana siku hiyo. Lakini maandamano yakiisha, twasikia maneno mawili. Mmoja hucheka: «Mwachosha mabega bure kwa kitu kisichosikia.» Mwingine hunong’ona: «Sanamu imepita, basi maji hayatakula mtu mwaka huu.» Wote wawili wameiacha njia, mmoja kushoto, mwingine kulia.

Tuitazame asili ya ibada hii. Mapadri Weupe, waliotuletea imani, walitumwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Juu ya kilima cha mji ule, mbele ya bahari, liko kanisa la Mama Yetu wa Afrika. Sanamu yake ya shaba, yenye uso mweusi, ilitolewa kwa Askofu Dupuch mwaka 1840. Lavigerie alilibariki kanisa mwaka 1872, na tarehe 30 Aprili 1876 sanamu ikavikwa taji. Ndiyo maana sikukuu yake ni siku hiyo. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa wamisionari wake ukashika njia ya maziwa makubwa, na mwaka 1885 mapadri wakaipokea Mpala, kwenye ufuko huu huu wa Tanganyika.

Katika kanisa lile palikuwa na desturi njema. Siku ya dominika, baada ya masifu ya jioni, mapadri walitoka mpaka ukingo wa kilima, wakawaombea wote waliokufa baharini, wakayabariki maji kama padri abarikivyo kaburi. Kwa kweli bahari ni kaburi lisilo na msalaba wala jina. Tena juu ya altare imeandikwa sala ya kumwomba Mama atuombee sisi, na Waislamu pia.

Neno hili latugusa. Ziwa latulisha ndagala na mikebuka, latupeleka sokoni na kwa jamaa, lakini limemeza wengi. Desemba 2014 ilizama meli Mutambala, wakafa watu zaidi ya 100. Mama wa aliyezama atapiga magoti wapi?

Kwa hiyo twamjibu wa kwanza: Mtaguso wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima ipewayo sanamu humwendea yule anayeonyeshwa. Ukiitunza picha ya marehemu baba yako, huiabudu karatasi, wamkumbuka baba.

Na wa pili twamwambia: sanamu si dawa ya mawimbi. Mwezi wa Agosti kusi huvuma kwa nguvu. Mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi utazama, hata ukichorwa msalaba ubavuni. Mwenye chombo anayeshindilia watu kama ndagala guniani, kisha akaja kuibeba sanamu, ambeba Mama mabegani na kuwauza watoto wake kwa nauli. Naye abiria aonaye maji yamekaribia ukingo wa chombo, akapanda kwa kuitumainia rozari mfukoni, anamjaribu Mungu.

Basi tufanye hivi. Maandamano yakifika mahali pa kupumzika, tunyamaze kidogo, tusali Baba Yetu na Salamu Maria kwa ajili ya wote waliozama, pasipo kuuliza yupi alibatizwa na yupi hakubatizwa. Kisha kila mwenye chombo aweke ahadi moyoni: sitapakia zaidi ya kiasi, sitang’oa nanga upepo ukiwa mkali. Hapo ndipo mabega yetu yatakuwa yamebeba kitu cha kumpendeza Mama.

Mama Yetu wa Afrika, utuombee, uwaombee na wafu wa ziwa letu.