Mafuta Yasiyo Mafuta

Ipo siku msamiati huacha kuwa suala la darasani ukawa suala la uhai. Kwangu mimi ilikuwa Jumamosi moja nilipokuwa nikiteremka vilima vya Mua kuelekea mjini Machakos, mama akiwa kando yangu na makreti mawili ya matunda nyuma. Baada ya kukanyaga breki kona baada ya kona, pedali ililegea, ikazama hadi sakafuni. Nikaingiza gia ya chini, nikaikanyaga mara kadhaa mfululizo, gari likasimama ukingoni mwa barabara. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, gari hili la babako limechoka." Tulipopumzika hapo kwa muda, breki zilirudi kana kwamba hapakuwa na jambo.

Fundi mmoja alinieleza kiini cha mkasa huo. Kile kinachosukuma breki hufyonza unyevu kutoka hewani. Kikiwa kipya, cha daraja la DOT 3 hakichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Kikishalowa maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hugeuka mvuke, nao mvuke hubonyea. Mguu husukuma, gurudumu lisisikie. Ndiyo sababu hushauriwa kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Chetu kilikuwa na miaka saba.

Niliamua kuifanya kazi hiyo nyumbani. Ndugu yangu mdogo alileta mkebe wa mafuta ya injini. "Kaka, si mafuta ni mafuta?" Nilikuwa karibu kumimina niliposoma maandishi ya kifuniko: DOT 3 pekee. Yaitwayo mafuta ya breki si mafuta hata kidogo. Huchanganyika na maji, na huoshwa kwa maji yakimwagikia rangi ya gari. Mafuta ya injini yangeivimbisha mipira iliyo ndani ya silinda, nasi tungebaki bila breki kabisa.

Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na silinda kuu. "Kanyaga! Shikilia!" Nalegeza skrubu ya kutolea hewa, uchafu wa rangi ya kahawa unapita mpirani hadi chupani, nafunga. "Achia!" Mara moja aliachia kabla sijafunga, hewa ikaingia, tukaanza upya. Hatukuingia barabarani hadi fundi alipokagua kazi yetu.

Simlaumu ndugu yangu. Yeye aliliamini neno. Sisi tunaosomea Kiswahili huuliza iwapo istilahi ni fupi, iwapo inatamkika, iwapo ina mizizi ya Kibantu. Ni nadra kuuliza iwapo inasema kweli. Neno "kiowevu" tunalo tangu zamani, lakini tumeliacha kwenye vitabu vya sayansi, ilhali mwenye spana mkononi ndiye anayelihitaji zaidi.

Wiki iliyofuata tuliteremka tena kutoka Mua. Mama aliushika mpini wa mlango hadi tulipofika tambarare, kisha akaanza kunihadithia bei ya matunda sokoni. Nyumbani, kwenye chupa iliyobaki, nimebandika karatasi: Kiowevu cha breki. Si mafuta.