Saa Mbili Kando ya Ziwa Bunyonyi

Ndugu wasomaji, huenda wengi wenu mmekwisha kuliona ziwa hili katika picha, maana picha zake hutundikwa ukutani katika maofisi na mahoteli mengi ya Uganda. Lakini picha haisemi yote. Kwa sababu hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili, nieleze tuliyoyaona na tuliyoyasikia tulipotua huko kwa muda wa saa mbili tu.

Safari yetu ilikuwa ya somo la Jiografia. Sisi wanafunzi 22 wa Kidato cha Sita, wavulana kwa wasichana, pamoja na walimu wawili, tulikuwa tukienda Kisoro kuitazama milima ya volkeno ya Muhabura, Gahinga na Sabinyo, iliyoko mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Tuliondoka Mbarara alfajiri kwa basi la shule. Tulipokwisha kupita Ntungamo barabara ikaanza kupanda na kupinda, hata wale waliokuwa wakiimba nyuma ya basi wakanyamaza, wengine kwa kustaajabu na wengine kwa kichefuchefu. Vilima vya Kigezi vimelimwa toka bondeni hadi kileleni kwa matuta yaliyopangwa kama ngazi. Hapa viazi, pale maharagwe, na kwingine mtama ambao Wakiga huutengenezea kinywaji chao cha bushera. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya malisho tuliulizana jinsi mtu anavyoweza kulima mahali ambapo mbuzi mwenyewe husimama kwa shida.

Tulifika Kabale mapema kuliko tulivyotazamia. Mwalimu wetu akasema kwamba muda uliobaki tusiupoteze sokoni, bali twende tukalione ziwa. Basi tukashika njia ya kupanda kilima. Hata tulipofika juu, dereva akasimamisha gari bila ya kuambiwa na mtu, akazima injini. Chini yetu lilikuwapo ziwa lenye mikono mingi iliyojipenyeza katikati ya vilima, na visiwa vya kijani vimetapakaa humo. Hapakuwa na wimbi. Hatukusikia kitu ila upepo na sauti za ndege. Mwalimu akatuambia kwamba jina Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi.

Pale pale kilimani akatupa somo letu. Hapo kale hapakuwa na ziwa. Palikuwa na bonde la mto. Volkeno ikatapika, mawe yaliyoyeyuka yakatiririka na kuziba mdomo wa bonde, maji yakakosa njia, yakajaa. Vilima vilivyokuwa bondeni vikazama, vilele vyake vikabaki kuwa visiwa. Vyahesabiwa 29. Urefu wa ziwa ni kilomita 25 hivi, nalo liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana tulikuwa tukitetemeka kwa baridi wakati wa adhuhuri. Humo hamna mamba wala kiboko. Tuliandika hayo yote katika madaftari yetu, kisha tukateremka mpaka Rutinda, ambako wenyeji hupakia mitumbwi yao.

Walimu walikodi mashua mbili za injini. Yetu iliongozwa na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Alisema Kikiga, lugha ambayo sisi wa Ankole twaielewa vema, nami hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili. Baada ya mwendo mfupi alituonyesha kisiwa kidogo mno, chenye majani na mti usio na kivuli cha kutosha watu wawili. Akasema, “Hicho ndicho Akampene.”

Alitusimulia habari zake. Zamani msichana aliyeonekana kuwa na mimba kabla ya kuolewa alichukuliwa kwa mtumbwi na jamaa zake mwenyewe, akaachwa pale. Hakuna chakula wala kibanda. Wengi hawakujua kuogelea. Wakafa kwa njaa na baridi, au wakafa maji walipojaribu kuvuka. Mara nyingine mwanamume maskini asiye na ng'ombe wa kulipa mahari alikwenda kumchukua mmoja wao awe mkewe. Desturi hiyo ilikoma katika karne ya 20, na wapo wanawake waliookolewa wakaishi hata wakazeeka.

Hapo mvulana mmoja miongoni mwetu akasema kwa mzaha kwamba yeye angalipiga kasia huko kila juma kujichagulia mke wa bure. Baadhi wakacheka. Mzee akazima injini, mashua ikaelea tu. Akasema kwa upole, “Mwanangu, dada yake bibi yangu aliachwa hapa. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza bibi jina lake, akaniambia kwamba mtu huyo hakuwako. Nikamwuliza tena alipokuwa mgonjwa wa kufa, akageukia ukutani. Mimi hupita hapa kila siku na wageni, wala sijui nimwite nani.”

Hakuna aliyecheka tena. Yule mvulana akasema, “Mzee, unisamehe,” na mzee akamwitikia kwa kichwa, akavuta kamba ya injini. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku ile nilidhani nimeufahamu mshindo huo. Wenzangu walikuwa wakikiwaza kile kisiwa. Mimi nilikuwa nikimwaza dada yangu.

Wasomaji wanakumbuka kwamba mwezi wa Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na zilipofunguliwa kabisa Januari 2022 wasichana wengi hawakurudi. Dada yangu ni mmoja wao. Alikuwa Kidato cha Tatu, hodari wa hesabu kunishinda mimi. Mtoto wake sasa anajua kuhesabu mpaka hamsini, na ni yeye aliyemfundisha kwa punje za maharagwe. Hakuna aliyempeleka dada yangu kisiwani. Anakula nyumbani na kulala nyumbani. Lakini picha yake ya sare ya shule iliyokuwa sebuleni iliondolewa, msumari ukabaki. Mgeni akimwuliza Baba habari za masomo ya watoto wake, Baba hutaja kaka yangu, hunitaja na mimi, kisha huuliza kama mgeni ataongezewa chai. Dada yangu huwa ndiye anayeileta hiyo chai.

Baba si mtu mkali. Sijapata kumsikia akimtukana dada yangu hata siku moja. Nafikiri hata wale waliokuwa wakipiga kasia kwenda Akampene huenda walikuwa watu wapole, wenye kuwapenda watoto wao, walioogopa maneno ya majirani.

Kutoka hapo tulikwenda kisiwa cha Bwama, nacho ni kikubwa na kina miti mingi. Mwaka 1931 daktari Mwingereza aitwaye Leonard Sharp alianzisha hapo makao ya wagonjwa wa ukoma. Watu waliokuwa wakiogopwa na kutengwa vijijini mwao wakapata dawa, nyumba, mashamba na kanisa. Baadaye dawa bora zilipopatikana makao hayo yakafungwa, na leo Bwama ni mahali pa shule. Tuliwaona wanafunzi wenye sare wakishuka katika mtumbwi na vitabu vyao, wakatupungia mikono. Niliwatazama mpaka tukageuka.

Maji yanayozunguka Akampene ndiyo yale yale yanayozunguka Bwama. Ziwa halikumfukuza mtu, wala halikumpokea mtu. Watu ndio waliochagua, kisiwa hiki kiwe cha kuwatupia binadamu na kile kiwe cha kuwaponyea. Nadhani kila nyumba hufanya uchaguzi huo huo, hata kama haina ziwa karibu.

Saa nane tulikuwa tena ndani ya basi. Siku iliyofuata tuliiona Muhabura asubuhi kabla haijavaa mawingu, na wenzangu watawaelezeni habari hizo katika kurasa nyingine. Usiku wa Kisoro mimi niliomba karatasi kwa Mwalimu, nikamwandikia Baba barua. Nilimweleza habari za yule mzee asiyejua jina la dada ya bibi yake. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, na kwamba karibu na kwetu iko shule ya kutwa. Nikamwambia kwamba mwakani nitakuwa nimemaliza, na karo yangu haitakuwapo tena. Sikumwomba jambo jingine, ila picha irudishwe katika msumari wake.

Baba alimpigia Mwalimu simu juma lililofuata, nikaitwa ofisini kuzungumza naye. Aliniuliza habari za mitihani. Kisha akanyamaza kitambo, akasema, “Barua yako nimeisoma. Mama yako naye ameisoma. Tutazungumza ukija.” Nikamwuliza kama dada yangu yupo karibu. Akasema yupo, akamwita kwa jina lake, akampa simu.

Wasomaji wenzangu, mkipata nafasi ya kwenda Kigezi, msikose kupita Bunyonyi. Mtaburudika na utulivu wake, kama tulivyoburudika sisi. Lakini mwulizeni na mwenye mashua habari za visiwa, na mkirudi makwenu tazameni kama kuna jina ambalo halitajwi tena mezani.