Mtoto, Mahali na Wakati

Somo la kusoma saa huonekana jepesi kwa kuwa zana zake ni chache: uso wa saa uliochorwa juu ya kipande cha boksi, mishale miwili, na ubao. Baada ya majuma machache watoto wengi huweza kutaja saa tatu na nusu bila kukosea. Hata hivyo, kutaja saa si kufahamu wakati. Mtoto anachokiona ni mahali ulipo mshale, wala si wakati wenyewe. Na kwetu sisi mambo huzidi ugumu, maana mshale mfupi huelekea namba 9 nasi twasema saa tatu. Wakati hauonekani wala haushikiki. Ili tuuzungumzie, hatuna budi kuuvika vazi la mahali.

Lugha yetu yashuhudia jambo hili. Tukisema "pale alipokaa", twaeleza mahali. Tukisema "alipokaa, alianza kuimba", twaeleza wakati. Neno ni lile lile. Twasema siku za nyuma na siku za mbele, kana kwamba siku zimepangwa njiani. Kinyume chake, mtu akiulizwa umbali wa kijiji fulani hujibu kuwa ni mwendo wa saa mbili, akapima nchi kwa wakati. Mtoto ameyasikia haya tangu alipoanza kusema. Basi si ajabu afikapo shuleni akiwa bado hajatenganisha vitu hivi viwili.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, tulishuhudia somo moja la darasa la pili. Wanafunzi wawili walianza kutembea pamoja filimbi ilipolia, na wakasimama pamoja ilipolia tena. Mmoja alikwenda haraka akafika mbali. Mwenzake alikwenda polepole. Mwanachuo aliuliza ni nani aliyetembea kwa muda mrefu zaidi. Mtoto mmoja alijibu kwa uhakika kuwa ni yule aliyefika mbali. Alipoulizwa kama wote wawili walisimama pamoja, alikubali, lakini jibu lake hakulibadili. Baada ya somo mwanachuo aliandika katika daftari lake kwamba mtoto yule ni mzito wa kuelewa. Tulimwomba alifute neno hilo, kwa maana neno la namna hiyo likiingia katika taarifa humfuata mtoto darasa hata darasa.

Jibu la mtoto yule si la uzito wa akili. Mwaka 1928, huko Davos, Uswisi, Albert Einstein alimwuliza mwanasaikolojia Jean Piaget jinsi watoto wanavyopata dhana za wakati na mwendo. Piaget alilifanyia swali hilo uchunguzi, akatoa kitabu mwaka 1946. Alionyesha kuwa watoto wadogo hukadiria muda kwa umbali: aliyefika mbali ndiye aliyechukua muda mrefu. Kuutenganisha muda na umbali ni kazi inayokomaa polepole katika fahamu ya mtoto, naye huifanya mwenyewe kwa kutenda na kulinganisha.

Wanafalsafa nao walikutana na fumbo hili. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria, aliandika yapata mwaka 400 kwamba yaliyopita hayapo tena na yajayo hayajawa. Yote mawili huishi nafsini, moja katika kumbukumbu na jingine katika matarajio. Mwaka 1908, huko Köln, Ujerumani, mwanahisabati Hermann Minkowski alieleza kuwa tukio lolote lahitaji vipimo vinne: vitatu vya mahali, yaani urefu, upana na kimo, na cha nne ni wakati. Kwa mwanahisabati, wakati wakaa pamoja na mahali. Lakini kwa fahamu ya binadamu tofauti moja yabaki: mtu aweza kurudi mahali alipotoka, ila jana hairudiwi isipokuwa kwa kuikumbuka.

Kutokana na hayo, twapendekeza mambo matatu kwa madarasa ya chini.

Kwanza, mtoto auhisi muda kabla ya kuusoma. Darasa lifumbe macho kwa dakika moja, na kila mmoja anyoshe mkono anapodhani imekwisha. Watashangaa jinsi mikono inavyopishana, nao watauona wenyewe umuhimu wa kipimo cha pamoja.

Pili, pawepo kitu cha tatu cha kupimia. Toboa tundu dogo chini ya kopo, ulijaze maji, kisha watoto wawili watembee, mmoja haraka na mwingine polepole, mpaka maji yaishe. Hapo mtoto ataliangalia kopo badala ya kuziangalia nyayo, na polepole ataanza kutenganisha muda na umbali.

Tatu, kamba itumike kwa historia. Hatua moja ikiwa ni mwaka mmoja, watoto watatembea hatua 56 kutoka mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza, hadi Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961. Kisha uwaulize: juu ya kamba twaweza kurudi nyuma; je, katika miaka twaweza? Waacheni wajadiliane. Swali hilo ndilo kiini cha somo.

Mwanachuo anayeandika andalio la somo la saa na aandike pia ni jibu gani atakalolitegemea kutoka kwa mtoto ambaye bado anapima wakati kwa hatua. Akilitegemea jibu hilo, atalipokea kama mahali pa kuanzia kufundisha, wala hatalifanya hukumu juu ya akili ya mtoto.