Mgeni na Mtandao Wake

Lodwar

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umewekewa intaneti ya nyumbani hapo Kakuma, nami nimefurahi. Tangu intaneti ya setilaiti ya Starlink iingie Kenya Julai 2023, hata nyumba zilizo mbali na nyaya zimepata njia, nawe bando za kila siku zilikuwa zinakumaliza.

Ila ameniambia pia kwamba kila anayepiga hodi unampa nenosiri. Hapo ndipo nikaona nikuandikie.

Sikuambii uwanyime watu. Mtu ametoka Kalobeyei kwa miguu, anataka kusikia sauti ya nduguye aliye Juba. Kumnyima ni aibu yetu sote. Kakuma inapokea wageni tangu 1992, walipofika watoto na vijana waliotembea kutoka Sudan, na wewe umekulia humo. Wape, lakini usiwape mtandao unaoutumia wewe. Kwetu mgeni hukaribishwa kivulini, akaletewa chai palepale, wala hahisi amedharauliwa kwa kutoingizwa katika akai, nyumba ya ndani ya mama.

Kazi yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Kompyuta unayorudi nayo jioni imebeba majina ya familia zilizokimbia, mahali zinapoishi, na namba zao za simu. Baadhi yao bado wanatafutwa na wale waliowakimbia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, lakini hata isingekuwapo, wewe unajua mwenyewe itakuwaje mtu akifuatwa mpaka mlangoni kwa sababu ya faili lako. Simu ya mgeni yenye virusi, ikiwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta hiyo, inaweza kuwa njia ya kuifikia, na mgeni mwenyewe asijue lolote.

Tena nenosiri halikai kwa uliyempa. Simu ya Android kuanzia toleo la 10 inaweza kuonyesha msimbo wa QR wa mtandao iliouhifadhi. Mwenzake anauelekezea kamera, naye ameshaingia. Ukiona vijana usiowajua wameketi nje ya ua jioni, macho kwenye simu, ujue nenosiri lako limetembea.

Basi geuza ruta usome kibandiko chini yake. Kuna anwani ya tarakimu, mara nyingi huanza na 192.168, na nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari. (Kama yako husimamiwa kwa programu ya simu, utayakuta mambo hayo hayo humo.) Kwanza badilisha nenosiri la mipangilio, maana la kiwandani huenda ni "admin" tu, na kila mtu analijua. Kisha tafuta palipoandikwa "Guest", uwashe, uupe mtandao huo jina lake na nenosiri lake, na uhakikishe walio humo hawavifikii vifaa vyako vya ndani. Kwenye ulinzi chagua WPA3, au WPA2 ikiwa simu za wageni ni za zamani. WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN, izime kabisa. Udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Msimbo wa QR wa wageni uchapishe, ubandike ukutani sebuleni, watu wasihangaike kukuuliza.

Hata hivyo, usidhani umemaliza. Mtu akimtapeli mwingine kupitia intaneti yako, hata akiwa kwenye mtandao wa wageni, anwani inayoonekana huko nje ni ya laini yako, na wapelelezi wataanzia kwako. Kwa hiyo ujue unampa nani, na ubadilishe nenosiri la wageni kila wakishapita watu wengi, kama tunavyofanya sisi huku baada ya tamasha la Tobong'u Lore linalojaza nyumba wageni. Usione haya kulibadilisha. Aliye na haja atauliza tena, nawe utampa tena.

Nitafika huko mwisho wa mwezi, Mungu akipenda. Nami nipe nenosiri la wageni. Simu yangu huchezewa na wajukuu, na sijui programu zote walizoweka ndani. Mama yako anakuletea samaki wakavu wa ziwani.

Ni mimi,
Mjomba wako