Nauli ya Bugando

Nafanya kazi ya msaidizi wa walimu katika shule ya msingi hapa Göteborg, Sweden. Asubuhi moja ya Novemba aliingia muuguzi kutoka hospitali ya watoto, akavuta kiti kidogo, akakaa mbele ya darasa la pili. Akawaambia watoto kwamba mwenzao ambaye hawakuwa wamemwona kwa wiki 3 anaumwa saratani ya damu. Aliutaja ugonjwa bila kushusha sauti. Akaeleza kuwa nywele zake zitanyonyoka kwa sababu ya dawa, kuwa ugonjwa huu hauambukizi, na kuwa si yeye wala wazazi wake waliokosea jambo. Mtoto mmoja akauliza, "Atakufa?" Muuguzi hakukwepa. Alisema wengi hupona, wachache hawaponi, na kwamba mwenzao angefurahi wakimwandikia.

Nilitoka nje nikalia. Nilikuwa namkumbuka dada yangu kule Sengerema, Tanzania.

Mwanawe wa pili, mimi ni mama yake mdogo, alivimba taya akiwa na miaka 6. Kwenye zahanati wakasema ni jino, likang'olewa. Uvimbe ukazidi, likang'olewa la pili. Mtaani ikanong'onwa kwamba kuna mkono wa mtu, na mama mkwe wa dada akataka mjukuu apelekwe kwa mganga. Mabishano yakala wiki 3, na uvimbe wa aina ile hausubiri vikao: unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili hivi. Daraja la Busisi lilikuwa bado halijajengwa. Walipovuka kwa kivuko cha Busisi kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, jicho la mtoto lilikuwa limeshaanza kusukumwa nje.

Ilikuwa saratani ya Burkitt, na si ngeni kwetu hata kidogo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alianza kuifuatilia mwaka 1957 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, akaiandika mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali ni wapi watoto wanavimba taya hivyo. Kwa hiyo dunia iliujua ugonjwa huu kupitia watoto wa kanda yetu. Unahusiana na kirusi na pia na malaria inayomrudia mtoto tena na tena, na ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa upesi. Inaniuma kwamba zaidi ya miaka 60 baadaye mtoto wa Sengerema bado anang'olewa meno mazima.

Sweden hugundua takriban watoto 350 wenye saratani kila mwaka, na katika kila 100, takriban 85 hupona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Nyumbani tukisikia hivyo tunasema, wenzetu wana mashine. Ni kweli wanazo, tena wanagundua mapema. Lakini dawa kadhaa kati ya zile anazopewa mtoto hapa ni za siku nyingi, na ndizo alizotundikiwa mwanetu Bugando. Nilichokuja kukiona huku ni kwamba mtoto akiugua, nyumba nzima inashikiliwa isianguke. Baba na mama wote wawili wanaweza kuacha kazi kwa muda wote ambao mtoto yu mahututi, na bima ya jamii ikawalipa sehemu kubwa ya mshahara. Familia zinazotoka mbali hupewa pa kulala karibu na hospitali. Katika vituo vyote 6 vya saratani ya watoto yupo mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya kaka na dada wa mgonjwa tu. Nilipolisikia hilo la mwisho niliwawaza watoto wa dada waliobaki Sengerema na baba yao, miezi mitano bila mama, na hakuna aliyewaeleza kitu.

Dada alilala mkekani chini ya kitanda cha mwanawe. Mbuzi waliuzwa, halafu baiskeli. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama wa kutoka Geita. Baada ya mzunguko wa tatu wa dawa uso wa mwanawe ulikuwa umerudi, anacheza na kucheka. Yule mama akamwambia dada, "Mwenzangu, huyu amepona. Nimeacha wanne nyumbani na mahindi hayajapaliliwa." Akafunga kanga zake. Ilikuwa imebaki mizunguko mitatu. Baada ya miezi miwili dada alisikia kwamba wamemzika mtoto yule.

Simlaumu mama yule. Nitawasifu pia watu wa Mwanza: mama mmoja wa kwaya, asiyemjua dada kabisa, alileta uji wodini kila asubuhi, na vijana wa bodaboda walikwenda kutoa damu. Hapa Göteborg nimemsikia mzazi akisema alimaliza msimu mzima wa baridi bila jirani kugonga mlango wake. Moyo wa kusaidia tunao, na Dar es Salaam shirika la Tumaini la Maisha, likishirikiana na hospitali ya Muhimbili, limeonyesha kwamba mtoto anaweza kutibiwa bila mzazi kutozwa, na familia ya mkoani ikapata malazi.

Kasoro yetu sisi tulio nje ni wakati. Katika kundi letu la WhatsApp, michango ya msiba hujaa kwa siku mbili. Nilipoomba nauli ya mtoto anayeumwa, walijibu watu wanne. Na mimi nimewahi kuwa kimya hivyohivyo kwa watoto wa wengine.

Mwanetu sasa yuko darasa la sita. Kwa hiyo nawaomba. Mkisikia mtoto amevimba taya, au mama anayemwogesha mtoto amegusa kitu kigumu tumboni mwake, au mboni inang'aa nyeupe kwenye picha, au homa na weupe wa viganja haviishi, semeni saratani, kwa sauti, na mhimize rufaa wiki hiyohiyo. Na kama yupo ambaye ameshaanza dawa, mpigie mama yake leo umuulize: nauli ya mzunguko ujao ipo? Na nyumbani nani anapalilia?