Ua la Tulipa

Huko Uholanzi, jirani ya Ubelgiji, mwenye bustani huchimba shimo la sentimita 15 mwezi wa Oktoba au Novemba, akazika kitunguu cha tulipa. Si kitunguu cha kula! Kisha baridi kali huja, na asiyejua angesema kimekufa. Kumbe, baridi ndiyo inayokiamsha. Mwezi wa Aprili ua jekundu au la manjano hufunguka mchana, hujifunga jioni. Mwenyewe husimama mlangoni akilitazama.

Lakini wakati wa vita, katika baridi ya 1944 na 1945, chakula kiliisha katika miji ya magharibi. Wakulima walikuwa na vitunguu vya tulipa ghalani. Watu walivimenya, wakatoa kiini cha katikati, wakavipika, wakavila pamoja na watoto wao.